Fundi wa ramani na nukta 23 zilizokataa kuhama

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Mazwi, Sumbawanga. Baridi haijaondoka na watu bado wana makoti. Kabula, mwanafunzi wa kilimo mwaka wa mwisho, anaweka kompyuta mpakato yake juu ya meza ya Leonia Vitus na kusema maneno ambayo meza hiyo imeyasikia mara nyingi.

"Dada, ramani yangu imekufa."

Leonia anasogeza kikombe cha chai kisije kikaleta hasara, anavuta kompyuta karibu. Ramani haijafa. Inaonyesha vizuri kabisa mashamba thelathini na sita ya mahindi ambayo binti huyu aliyazungukia kwa miguu na kwa bodaboda, akichimba udongo na kuujaza kwenye mifuko. Tatizo ni moja tu: mashamba yote thelathini na sita yako Sudan Kusini.

"Huko ulifika lini?" anauliza Leonia, uso mkavu.

"Dada jamani! Mimi hata Mpanda sijafika."

Kosa ni alama ya kutoa. Ufipa iko kusini mwa Ikweta, na kompyuta inataka namba za kusini zitanguliwe na alama hiyo. Ukiisahau, inahesabu nyuzi zilezile nane kwenda kaskazini, na wewe na mahindi yako mnavuka mipaka bila pasi. Leonia anaandika mstari mmoja, anabonyeza, na mashamba yanarudi nyumbani. Kabula anapiga makofi.

"Hili la alama ya kutoa nalipata kila wiki," anasema Leonia. "Wengine wanabadilisha, namba ya mashariki wanaiweka penye ya kusini. Hapo Sumbawanga inaangukia Marrakesh, kule Moroko, tena karibu na katikati ya mji. Nilimwambia mteja mmoja ahamie tu, huenda kuna joto."

Leonia, mwenye umri wa miaka 32, hana kibao mlangoni. Meza yake iko kwenye kona ya duka la vifaa vya ofisi na fotokopi, kati ya mashine ya kulaminishia na rundo la bahasha za kaki. Kazi yake, ukiambiwa kwa mara ya kwanza, inakutaka urudie kuuliza: ni fundi wa grafu na ramani zilizogoma.

Watafiti na wanafunzi wengi siku hizi huchora kwa Python, lugha ya kuiamuru kompyuta. Unaandika mistari ya amri, yenyewe inachora. Ukikosea kidogo, inakujibu kwa maandishi mekundu yanayotosha kumkatisha mtu masomo. Kibaya zaidi, anasema Leonia, ni pale isipokujibu kitu, ikalichora kosa lako kwa unadhifu na rangi za kupendeza.

"Maandishi mekundu hayanitishi," anasema. "Yanakuambia mstari wa ngapi. Grafu nzuri yenye uongo ndani ndiyo inanitisha."

Mwenye duka, Jafeti, aliyekuja Sumbawanga kutoka Mbeya miaka kumi na sita iliyopita, anakiri kwamba hakumwelewa mpangaji wake.

"Alivyoniomba kona akasema anatengeneza ramani, nikadhani ni mpima viwanja. Nikamuuliza kamba zako ziko wapi?" anasema na kucheka. "Sasa namwona hapo, mtu anakuja kainamisha kichwa, anatoka anapiga mluzi. Nikajua huyu ni fundi kweli."

Leonia alisomea takwimu chuoni Dodoma. Alipomaliza alikaa miaka mitatu bila ajira, akafundisha kwa kujitolea, akaingiza data za watu kwa malipo ya siku. Python alijifunza mwenyewe, sehemu kubwa kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Grafu moja hutoza shilingi elfu tano, ramani elfu kumi na tano. Mwezi mzuri hupata laki mbili na nusu. Mwezi mbaya, anasema, hunywa chai ya Jafeti na kumsifia kwamba ni tamu.

Lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililomleta mwandishi wa makala haya kwenye kona hiyo. Kilichomleta ni daftari lililoko mkono wa kushoto wa meza, lililofunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani, na nukta ishirini na tatu.

Mwezi Agosti, Leonia alipata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Mtafiti mmoja wa hali ya hewa, Dk. Anyosisye, alimtumia kumbukumbu za vituo ishirini na viwili vya mvua, vya Uwanda wa Juu wa Ufipa na vya bondeni upande wa Ziwa Rukwa, kuanzia Namanyere mpaka Muze. Alitaka ramani inayoonyesha mvua huwa inaanza saa ngapi kila mahali.

Kwa anayeishi mjini jambo hilo laweza kuonekana dogo. Mkulima anajua si dogo. Ukijua saa ya mvua unajua saa ya kupalilia, saa ya kuwatoa watoto njiani, saa ya kutosimama juu ya kilima wakati radi zinatembea.

Katika orodha ya vituo, mstari wa kumi na nne ulikuwa umepigwa rangi nyekundu. Pembeni paliandikwa: "Saa hazieleweki. Kiondolewe."

Leonia aliutazama mstari huo kwa muda mrefu. Kipima mvua cha kituo namba 14 kiko nyuma ya jiko la kwao.

Baba yake, mzee Vitus, mkulima wa mahindi na ulezi katika kijiji kilicho nje kidogo ya Chala, alikabidhiwa kipima mvua hicho mwaka 1986. Alipewa daftari, silinda ya kioo ya kupimia maji, na mafunzo ya siku tatu. Tangu hapo, kwa miaka thelathini na tisa, ameandika kila mvua: tarehe, saa ilipoanza, milimita ngapi. Hakuna anayemlipa. Zamani walikuja watu kuchukua nakala kila mwaka, wakanakili milimita na kuondoka, wala hakuna aliyejali safu ya saa. Siku hizi hata hao hawaji, na mzee anaendelea.

"Nikiwa mdogo nilidhani kila nyumba ina kile kibomba," anasema Leonia. "Nilikwenda kwa rafiki yangu nikauliza, chenu kiko wapi?"

Kabla ya kukubali kituo cha baba yake kifutwe, alikichora peke yake. Chini aliweka miaka, pembeni saa za siku, na kila mvua akaifanya nukta moja. Zilipojitokeza alidhani amekosea amri, akachora upya. Zikatoka vilevile.

Nukta zilikuwa zimejipanga katika mikanda miwili. Mkanda mnene ulikuwa juu, kwenye saa 15 na 16, yaani saa tisa na saa kumi alasiri, wakati ambao mvua ya Ufipa inajulikana kuja. Mkanda mwembamba ulikuwa chini, kwenye saa 9 na 10, yaani katikati ya asubuhi, wakati ambao watu wa huko huwa wanaanika nguo bila wasiwasi.

"Nikapima nafasi kati ya mikanda. Sita," anasema. "Sita kamili. Mtanzania akiona sita anajua."

Ni kweli anajua. Saa tisa yetu ni 15:00 ya wazungu na ya vyombo, na yeyote aliyewahi kuachwa na basi kwa sababu tiketi iliandikwa 12:00 anaujua uchungu wake. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wao, na hajasahau.

Kumbe ndani ya daftari moja palikuwa na watu wawili. Mmoja aliandika 15:00 kama alivyofunzwa. Mwingine, kwa mvua ya saa ileile, aliandika 9. Kijana wa utafiti aliyekuja mwaka huu kuziingiza namba kwenye kompyuta alinakili alichokiona, na kompyuta, ambayo haijawahi kuishi Ufipa, ikaamini kwamba mvua ilinyesha asubuhi.

Leonia alipofuata mkanda wa chini kuelekea kulia, mwaka baada ya mwaka, aliona unakatika ghafla. Ulikatika Machi 2004.

"Nikasimama. Nikatoka nje nikamwacha mteja," anasema. "Machi 2004 ndipo mama alipofariki."

Mama yake, Dominika, alisoma hadi darasa la nne. Mzee Vitus aliposhuka bonde kwenda Muze kuuza ulezi, safari ambazo zilimchukua wiki nzima na wakati mwingine mbili, mkewe ndiye aliyetoka na silinda. Alijua kupima vizuri kuliko mumewe, wanasema baba na binti. Alichokataa ni saa.

"Nakumbuka wakibishana jikoni," anasema Leonia. "Mama anamwambia baba, saa kumi na tano ni saa gani hiyo? Ile ya ukutani si inaishia kumi na mbili? Hiyo tatu umeitoa wapi?"

Leonia alikuwa na miaka kumi na mmoja alipofiwa. Picha ya mama yake ipo moja, ya siku ya ndoa kanisani, na shela imeangukia nusu ya uso. Sauti imeanza kumpotea. Anasema kuna siku anajaribu kuisikia na anachosikia ni sauti yake mwenyewe.

"Kwa hiyo ule mkanda wa chini..." anasema, kisha anapanga bahasha zisizohitaji kupangwa. "Ule mkanda ni yeye. Kila nukta ni siku ambayo mama alitoka nje na silinda. Nilikuwa namwona kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na moja."

Hapo ndipo kazi ilipogeuka kuwa mtihani. Ili kituo cha baba yake kibaki kwenye ramani, ilibidi nukta za mama zirekebishwe: za mchana ziongezewe sita, za usiku, ambazo mama aliziwekea herufi U, ziongezewe kumi na nane. Kwa Leonia ni mistari miwili ya amri. Ukishaibonyeza, mkanda wa chini unapanda na kuyeyuka ndani ya wa juu, na hakuna atakayejua tena kwamba palikuwa na watu wawili.

Siku mbili hakubonyeza. Jafeti alimwona akifungua grafu ileile na kuifunga.

"Nilimuuliza, dada, hii nayo imegoma? Akaniambia hapana, mimi ndiye nimegoma," anasema Jafeti.

Mwishowe alimpigia simu baba yake, akamwomba madaftari yote. Yalikuja na basi la kutoka Namanyere, kumi na manne, ndani ya mfuko wa chumvi uliofungwa kwa kamba ya katani. Alitaka ushahidi wa mwandiko, kwa sababu kurekebisha kwa kubahatisha ni kuongeza uongo wa pili juu ya wa kwanza.

Kwa siku tisa alilinganisha ukurasa kwa ukurasa. Saba ya baba ina mstari katikati. Saba ya mama haina, na tisa yake imelala kidogo, na kwenye ukurasa mmoja wa mwaka 1997 kuna alama ya kidole chenye unga. Alihesabu siku mia nne na kumi na mbili. Akazitia rangi ya bluu, akahifadhi nakala ya grafu ilivyo, ndipo akabonyeza.

"Zikapanda zote kwa pamoja," anasema. "Watu wanafotokopi vitambulisho hapo, mimi nalia. Jafeti akawaambia nina mafua."

Mkanda wa chini ukawa mtupu. Karibu mtupu. Nukta ishirini na tatu zilibaki chini, zimetawanyika upande wa kulia, hazikuhama.

Alizikagua moja moja. Zote zilikuwa za baada ya Machi 2004. Zote mwandiko wa baba, saba yenye mstari. Na zote saa ziliandikwa kwa namna ya mama.

Nne zilikuwa Novemba 2004. Baada ya hapo moja, mbili kwa mwaka, na miaka mingine hakuna. Alijaribu kutafuta mpangilio: siku ya kifo, Jumapili, Pasaka, Noeli. Hakuna kilichokaa. Ya mwisho iliandikwa tarehe mbili Januari mwaka huu.

Leonia alimweleza Dk. Anyosisye ukweli wote, hata huo uliomwumiza. Anasema mtafiti huyo alimsikiliza kwa heshima, na jibu lake halikuwa la kikatili.

"Aliniambia, dada Leonia, za mama nimezielewa na nazipokea. Lakini kama mzee mwenyewe anachanganya saa bila kujua, hata zile nyingine tutaziamini vipi? Nipe sababu ya kila nukta hadi Ijumaa. Isipopatikana, kituo chote kitoke."

Kituo chote maana yake ni miaka thelathini na tisa. Ni mzee wa miaka sabini na minne anayetoka nje na silinda kila mvua ikikatika. Na ni siku mia nne na kumi na mbili za Dominika, ambazo binti yake alishakubali zisionekane ili angalau zihesabiwe.

Jumatano Leonia alipanda basi la Namanyere, akashuka Chala, akachukua bodaboda. Alimkuta baba yake shambani, akikatua kabla ya mvua. Wakasalimiana, wakarudi nyumbani, wakala ugali wa ulezi na maharage. Baada ya chakula alifungua kompyuta juu ya kigoda na kumwonyesha zile tarehe.

"Akasema nilikosea tu, mwanangu. Uzee. Andika nilikosea," anasimulia Leonia. "Na baba hakosei. Mwaka aliougua malaria akashindwa kusimama, aliniita nimshikie silinda karibu na macho asome kitandani. Nikajua ananificha."

Akamweleza maana ya kuandika "nilikosea." Akamwambia kituo kitafutwa, na mama naye atafutika pamoja nacho. Mzee alinyanyuka, akaenda nyuma ya jiko, akakitazama kipima mvua ambacho hakikuwa na tone, akarudi.

Alichomwambia binti yake siku hiyo, mzee Vitus alikubali kumsimulia tena mwandishi huyu aliyefika kwake juzi. Alikubali kwa shingo upande.

"Huyu mtoto amenisemesha mambo ya ndani," alianza, akimenya kijiti kwa kisu bila kukitazama. "Mimi na mama Leonia tulikuwa na desturi. Nikitoka Muze, kabla hata sijala, ananisomea daftari. Anasema Jumanne saa tisa, nyingi. Alhamisi saa kumi, kidogo, imemkuta bibi fulani njiani. Namsikiliza. Ndiyo ilikuwa salamu yetu."

Kuku alipita, mzee akamfukuza kwa mguu.

"Sasa alipoondoka, ile Novemba, mvua ya kwanza ikanikuta hapa mlangoni. Nikataka kumwambia mtu. Hakuna. Watoto wako shule. Nikachukua daftari nikaandika. Nimemaliza ndipo naona nimeandika saa tisa. Si kwamba sikujua. Dominika ukitaka kumwambia jambo humwambii saa kumi na tano, haelewi. Nikaiacha vile."

Na nyingine zote?

"Ni siku zilizonizidi," alisema. "Nyingine sikumbuki zilikuwa na nini. Unaamka tu, mtu amekujaa kifuani. Moja ni siku huyu aliyopanda basi kwenda Dodoma, chuoni. Mvua ilianza basi halijafika hata Sumbawanga. Nikamwambia mama yake, mtoto ameondoka na mvua, itakuwa heri."

Tarehe mbili Januari hakutaka kuisema. Leonia ndiye anayeisema, mjini, akitazama chini.

"Krismasi iliyopita sikwenda. Nilikuwa na kazi ya mteja, nikamwambia baba nitakuja mwaka mpya. Mwaka mpya nao sikwenda."

Usiku ule wa Jumatano kijijini, Leonia hakuandika kitu. Alirudi mjini Alhamisi, akafungua faili, na kwenye safu ya sababu akaandika maneno yaleyale mara ishirini na tatu: "Mwandishi alimwandikia mkewe, kwa saa zake." Pembeni ya kila mstari akaweka marekebisho: ongeza sita. Akatuma.

Ijumaa ilipita kimya. Jumamosi ilipita kimya. Jafeti anasema fundi wake alitengeneza grafu ya mtu na kumrudishia ikiwa na rangi zote za kijivu, akalazimika kuomba radhi. Jumatatu simu ikaita.

"Dk. Anyosisye aliniuliza kama mzee hajambo. Nikasema hajambo. Akasema, nimeisoma ile safu. Mtu anayebadili saa kwa kujua, na anajua kwa nini, huyo hachanganyi. Kituo kinabaki," anasema Leonia. "Kisha akaniuliza jina la mama."

Aliuliza kwa sababu chini ya ramani patakuwa na orodha ya waandishi wa vituo. Mbele ya namba 14 yatakaa majina mawili, Vitus na Dominika. Mtafiti amesema ramani itachapishwa mwakani, kabla ya msimu wa kupanda, na kwamba nakala zitapelekwa vijijini. Leonia amejifunza kutohesabu ahadi kabla hazijafika, lakini nafasi ukutani mwa baba yake ameshaipima kwa kamba.

Upande wa pili wa nafasi hiyo anataka atundike ile grafu ya kwanza, yenye kosa, ambayo nukta za bluu bado ziko chini peke yake. Aliichapa kwa mashine ya Jafeti, na Jafeti akakataa pesa ya karatasi. Mzee alipoiona mara ya kwanza aliweka kidole kwenye mkanda wa bluu akaufuata taratibu hadi unapokatika, akakiacha kidole hapo.

"Aliniuliza, hizi zote ni siku alizotoka yeye? Nikasema ndiyo. Akasema, kumbe nilisafiri sana," anasema Leonia.

Mpango wake sasa ni vituo vingine. Amegundua kwamba vingi alivyovikagua nje ya orodha ile vina mikanda miwili, na anaamini nyuma ya kila mkanda wa chini kuna mtu: mke, mtoto, shemeji aliyeachiwa silinda. Anataka kuzunguka Nkasi na Sumbawanga vijijini akapige picha madaftari kabla mchwa hawajayamaliza. Anahitaji kamera nzuri na nauli, na bado hajapata mfadhili. Anataka pia kibao mlangoni, ingawa hajui kiandikwe nini.

Ukimuuliza anachokitamani hasa, hataji kamera. "Natamani mama angenisomea mimi lile daftari, hata mara moja," anasema. "Ukubwani nimesikia sauti za watu wengi wakinieleza data zao. Ya kwake ningeielewa haraka."

Walipoagana kijijini mwezi Oktoba, Leonia alimwomba baba yake jambo moja. Siku zikimzidi, asiandike peke yake. Apige simu.

Saa tisa inakaribia. Kabula ameshaondoka na mashamba yake. Juu ya milima ya Mbizi wingu limekuwa zito, na watu wa Mazwi wanaanza kuingiza bidhaa ndani. Upepo unapeperusha bahasha mbili za Jafeti, na wakati Leonia ameinama kuziokota simu inalia juu ya meza.

Mzee Vitus huongea na simu kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde, kwa hiyo duka zima linasikia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Imeanza!"

"Saa ngapi?"

"Saa tisa kasoro kidogo. Inakuja na upepo. Mama yako angeshaingiza kuni."

Leonia anacheka, na machozi yanamtoka papo hapo, wala hasingizii mafua. Anavuta daftari lenye karatasi ya kalenda, lile la mwaka huu ambalo baba yake alimwachia baada ya kuanza jipya, na anaandika 14:50.

"Krismasi unakuja?" mzee anauliza.

"Nakuja baba. Nimeshakata tiketi."

"Basi linatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

Mvua inasikika kwenye bati la huko.

"Ya mama yako?"

"Ya mama, baba," anajibu Leonia.